Ujumbe Usiokamilika: Rai Juu ya Ufundishaji wa Urithi wa Viumbe katika Shule za Mara

Kwa muda mrefu somo la urithi wa viumbe limefundishwa katika shule zetu kama sala inayokaririwa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa ili kutengeneza protini. Wanafunzi huyanakili maneno hayo, huyakariri, na siku ya mtihani huyarudisha kama walivyoyapokea. Hatusemi kwamba kanuni hiyo ni ya uongo. Tusemalo ni kwamba imefundishwa kama jambo lililokwisha, lisilo na swali wala ajabu. Na kwa hiyo vijana wa Musoma, Bunda na Butiama humaliza shule bila kujua kwamba kiumbe kimojawapo kilichowafunza wataalamu wa dunia kuitazama upya kanuni hiyo ni ndugu wa karibu kabisa wa vijidudu vinavyoletwa na mbung'o katika mbuga zilizo jirani na nyumba zao.

Rai yetu katika makala haya ni moja. Tunadhani kwamba mwalimu wa baiolojia katika mkoa wa Mara afundishe safari ya ujumbe wa urithi kwa kuanzia na kimelea cha malale na nagana, na hasa kwa kuanzia na vile vipande vidogo vya RNA ambavyo havitengenezi protini yoyote, bali huelekeza marekebisho ya RNA nyingine. Tutaviita RNA elekezi.

Tatizo

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Bunda, tuliketi nyuma ya darasa ambamo mwanachuo wetu alikuwa akifundisha mada hii. Alifundisha kwa sauti ya kutosha, ubao ulikuwa safi, na muda aliutunza vema. Karibu na mwisho wa kipindi, kijana mmoja aliyetoka katika nyumba ya wafugaji alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, na wale wadudu wa nagana walio ndani ya damu ya ng'ombe, nao ujumbe wao husomwa hivyo hivyo?" Mwanachuo alisita kidogo, kisha akajibu kwamba hilo halimo katika muhtasari. Kijana akaketi.

Hatumlaumu mwanachuo yule. Sisi ndio tuliomfunza. Tulimfunza kuandaa malengo, kugawa dakika na kupanga maswali ya kujipima, lakini hatukumfunza kwamba swali linalotoka zizini laweza kuwa swali bora kuliko yote aliyoyaandika katika andalio lake. Laiti angalijua jibu, angaliweza kusema: "Hapana, si hivyo hivyo, na jinsi ilivyo tofauti ni moja ya mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya viumbe." Darasa zima lingaliinua vichwa.

Kimelea chenyewe

Ugonjwa huu si hadithi ya mbali. Mwaka 1971 Rudolf Geigy na wenzake walichapisha taarifa za uchunguzi wa malale waliokuwa wameufanya katika wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo. Walichunguza mbung'o na wanyama wa porini, ili kujua kama wanyama hao ni ghala la vimelea vinavyowaambukiza watu. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea mbuga za Tanzania, Serengeti ikiwa mojawapo. Wagonjwa wamepungua sana tangu enzi za wazee wetu, lakini mbung'o wangalipo, na nagana ingali tishio kwa mfugaji anayechunga kandokando ya mbuga.

Vijidudu hivi huitwa tripanosoma. Kila kimoja ni seli moja tu yenye mjeledi wa kuogelea. Karibu na shina la mjeledi huo, ndani ya mitokondria yake moja, pana fungu la DNA liitwalo kinetoplasti. Fungu hilo limefanyika kwa pete zilizofumana kama vazi la chuma la askari wa kale: pete kubwa makumi machache, na pete ndogo maelfu kadhaa. Pete kubwa hubeba jeni za kutengenezea protini za mitokondria. Kazi ya pete ndogo ilikuwa fumbo kwa miaka mingi.

Fumbo lilianza kufumbuka mwaka 1986, wakati Rob Benne na wenzake huko Amsterdam walipoona jambo lisilotarajiwa. Katika RNA mjumbe mmoja wa mitokondria ya tripanosoma walikuta herufi 4 za U, yaani yurasili, ambazo hazikuwamo katika jeni yake. Kama jeni ingalisomwa kama ilivyoandikwa, protini isingalipatikana. Mwaka 1988 Kenneth Stuart na wenzake huko Seattle walionyesha jambo kubwa zaidi: ujumbe mmoja wa Trypanosoma brucei ulikuwa umeongezwa herufi 547 za U na kuondolewa nyingine 41. Zaidi ya nusu ya ujumbe ule haikuwamo katika jeni yake. Kitendo hicho kiliitwa uhariri wa RNA.

Swali likabaki: mhariri hupata wapi maagizo? Jibu lilipatikana mwaka 1990, katika maabara ya Larry Simpson huko California, kutoka kwa ndugu wa tripanosoma aishiye katika mijusi. Palikuwa na vipande vidogo vya RNA, vyenye herufi zipatazo 50 hadi 70 tu, ambavyo herufi zake zililingana na ujumbe uliokwisha kuhaririwa. Hizo ndizo RNA elekezi. Na ikadhihirika kwamba zile pete ndogo, maelfu yale yaliyodhaniwa kuwa hayana kazi ijulikanayo, ndizo ghala la maagizo hayo.

Jinsi inavyotenda kazi

Yafaa mwalimu alielewe tendo hili hatua kwa hatua kabla hajaingia darasani. Ncha moja ya RNA elekezi ina herufi chache zinazolingana sawasawa na sehemu ya ujumbe. Sehemu hiyo hushika ujumbe kama nanga ya mtumbwi ishikavyo chini ya ziwa. Baada ya nanga, herufi za RNA elekezi na herufi za ujumbe huanza kutolingana. Hapo vimeng'enya hufanya kazi kwa zamu: kimoja hukata ujumbe mahali pasipolingana; kingine huongeza U mbele ya kila A au G ya RNA elekezi isiyo na mwenzi, au huondoa U iliyozidi; na cha tatu huunga ncha mbili zilizokatwa. Kisha kazi husogea hatua moja.

Tena kazi hii huanzia mwishoni mwa ujumbe na kurudi kuelekea mwanzo. RNA elekezi moja hutengeneza kipande kimoja, na kipande kile kilichotengenezwa ndicho kinachoipatia RNA elekezi ya pili mahali pa kutia nanga. Ya kwanza isipomaliza, ya pili haina pa kushika.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya tripanosoma peke yake. Miilini mwetu pia mna RNA ndogo zinazoelekeza marekebisho ya RNA nyingine, ingawa si kwa kuongeza herufi. Ndani ya kiini cha seli, katika kijisehemu kiitwacho nukleoli, RNA ndogo huelekeza mahali ambapo RNA za ribosomu zitatiwa alama za kikemia. Mnamo mwaka 1996 na 1997 ilionyeshwa kwamba kundi moja la RNA hizo huelekeza kutiwa kwa kikundi cha methili, na kundi jingine huelekeza kugeuzwa kwa yuridini kuwa umbo lake jingine liitwalo sudoyuridini. Ribosomu ya binadamu ina alama za aina hizo mbili zipatazo 200. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kwa kimelea cha ng'ombe anajifunza pia habari ya mwili wake.

Somo lenyewe

Tunapendekeza vipindi viwili. Kipindi cha kwanza hakihitaji kitu ila ubao na lugha. Mwalimu aandike sentensi hii, ambayo kila neno lake lina herufi tatu:

UJI ULE UWE WAO

Awaeleze wanafunzi kwamba seli nayo husoma ujumbe wake herufi tatu tatu, bila nafasi wala nukta. Kisha aifute U ya kwanza tu, na kuwataka wasome tena tatu tatu. Watapata JIU LEU WEW AO. Herufi moja imepotea, na sentensi nzima imeharibika. Sasa azifute U zote tatu. Watapata JIL EWE WAO. Hapa awaulize: kwa nini neno la mwisho limesalimika? Awaache wahangaike. Atakayegundua kwamba herufi tatu zilizopotea zimeurudisha usomaji kwenye mstari wake amekwisha kuelewa jambo ambalo wengi hulikariri bila kulielewa.

Ndipo mwalimu aseme: "Katika tripanosoma, jeni huandika JILEWEWAO. Nani atajua U ziingie wapi?" Hilo ni swali la kwenda nalo nyumbani.

Kipindi cha pili kinahitaji uzi, gundi na nafaka. Punje ya hindi iwe A, haragwe liwe U, kunde iwe G na choroko iwe C. Wanafunzi wakumbushwe kwamba A hushikana na U, na G hushikana na C. Kila kundi lipewe ujumbe wenye punje saba:

A G G C A C G

na RNA elekezi yenye punje kumi:

U A C A A C G U G C

Waanzie upande wa kulia. Punje tano za mwisho za kila uzi zitalingana: hiyo ndiyo nanga. Wakisogea kushoto watakuta G ya ujumbe imekabiliana na A ya elekezi. Hazilingani. Hapo wakate uzi, watie haragwe moja; na kwa kuwa A nyingine inafuata, watie la pili. Sasa G italingana na C. Wakisogea tena, A ya ujumbe itakabiliana na A ya elekezi. Watie haragwe la tatu. Mwisho ujumbe utakuwa hivi:

A U G U U G C A C G

Mwalimu awaombe watazame herufi tatu za kwanza. Ni AUG, neno ambalo seli hulitumia kuanzia kusoma, na ambalo halikuwapo kabla ya uhariri. Hili si jambo la kubuni kwa ajili ya mchezo wa darasani: katika tripanosoma wapo wajumbe ambao AUG yao ya kuanzia huundwa na uhariri wenyewe. Kundi linalotaka kuona uondoaji liongezewe haragwe lisilo na mwenzi, nalo litalitoa. Kundi lililo hodari zaidi laweza kuelezwa kwamba katika RNA, G huruhusiwa pia kushikana na U, kisha liulizwe ni herufi gani za elekezi zingaliweza kubadilishwa bila kuharibu ujumbe.

Mwisho wa kipindi mwalimu alirudishe somo zizini. Mfugaji wa Mara ameisikia dawa iitwayo Samorin. Dawa hiyo, ambayo jina lake la kitaalamu ni isometamidiamu, hurundikana katika kinetoplasti ya kimelea, pale pale penye pete tulizozieleza. Mwaka 2013 ilionyeshwa katika maabara kwamba badiliko dogo katika protini moja ya mitokondria laweza kukiwezesha kimelea kilicho katika damu kuishi bila kinetoplasti; na vimelea vya namna hiyo vikaonekana baadaye kuistahimili dawa hiyo. Kijana aliyeelewa hayo hatahitaji kuamriwa asitumie dawa nusu kipimo. Atajua kwamba kipimo pungufu huua vimelea dhaifu na kuvibakiza vilivyo sugu, na atakwenda kumwuliza bwana mifugo maswali yenye maana.

Pingamizi

Wapo wenzetu watakaosema kwamba jambo hili halimo katika muhtasari. Twajibu kwamba muhtasari hutaja mada, haumchagulii mwalimu mifano yote. Mada ni ile ile ya DNA, RNA na protini. Vipindi viwili vilivyotumiwa vema havimwibii mwanafunzi mtihani wake; mwanafunzi aliyehariri ujumbe kwa vidole vyake atajibu swali la kawaida kwa urahisi zaidi kuliko aliyekariri.

Wengine watasema kwamba shule zetu hazina maabara. Ni kweli, na upungufu huo haufai kufichwa. Lakini hakuna shule katika Bunda au Butiama iliyokosa maharage na mahindi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililaumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kuviheshimu vitabu kuliko mambo anayoishi nayo. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mji wetu huu, liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kuwaingiza watoto wote darasani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba, wakishaingia, wanakuta humo ulimwengu wanaoufahamu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba kumfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kawaida kabla hajaimudu kanuni ni kumchanganya. Sisi tunaona kinyume chake, ila kwa sharti kwamba mwalimu aeleze vizuri mahali kanuni inapopanuka. Herufi za U zilizoongezwa hazikutoka hewani. Maagizo yake yameandikwa katika DNA, lakini katika DNA ya mahali pengine, kwenye pete ndogo. Kanuni haikuvunjwa, kilichovunjwa ni dhana yetu ya haraka kwamba kila ujumbe umeandikwa wote mahali pamoja. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha mambo hayo mawili ameanza kufikiri kisayansi.

Kuna hatari moja ambayo mwalimu hana budi kuikwepa. Maneno kama "mhariri", "maagizo" na "mjumbe" ni mifano ya lugha. Mwanafunzi asije akadhani kwamba RNA elekezi inajua au inataka kitu. Herufi hushikana kwa nguvu za kikemia, basi. Na akiulizwa kwa nini kimelea kinajisumbua hivyo badala ya kuandika ujumbe kamili tangu mwanzo, mwalimu aseme ukweli kwamba wataalamu hawajakubaliana juu ya jibu. Mwalimu haaibiki kwa kusema hivyo. Anawafungulia wanafunzi nafasi ya kulitafuta jibu wao wenyewe.

Juu ya lugha

Wapo watakaouliza kama mambo haya yaweza kusemwa kwa Kiswahili, hali sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza. Makala haya ni sehemu ya jibu. Nanga, uzi, pete, mjeledi, mhariri: maneno yote haya mwanafunzi wa Musoma anayo kabla hajafika shuleni. Hatupendekezi kwamba mwalimu aache kufundisha istilahi za Kiingereza zitakazotumika katika mtihani. Tunapendekeza kwamba maana itangulie na istilahi ifuate. Mtu wa Butiama tunayemwita Mwalimu alifundisha baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kabla ya kuingia katika siasa, na baadaye akatafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Ikiwa lugha yetu iliweza kuwabeba Kaizari na mabepari wa Venisi, hatuoni sababu ya kuamini kwamba itashindwa kuibeba RNA yenye herufi 60.

Tumalizie

Twawaomba walimu wenzetu, na hasa wakufunzi wa vyuo, walijaribu somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha yajayo, na waandike katika jarida hili walipofaulu na walipokwama. Sisi wenyewe tungependa kujua kama vipindi viwili vinatosha, kama punje kumi ni nyingi mno kwa darasa kubwa, na kama neno "elekezi" linaeleweka upesi.

Juu ya yote, twataka mwanachuo wetu ajaye, atakapoulizwa swali linalotoka zizini, asilikimbilie muhtasari. Kijana yule wa Bunda aliuliza swali lililo sahihi katika chumba kilicho sahihi, mbele ya watu ambao kazi yao ilikuwa kumjibu. Akaketi bila jibu. Deni hilo ni letu, na tunalo budi kulilipa kwa wadogo zake.